Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Kwa miaka tisa Khamala alikuwa mkwe wa Mama Jael, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona zaidi ya mara tatu, kwa mbali, tena bila kukusudia. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa Wabukusu ndivyo mambo yalivyo: mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakionana njiani mmoja wao hukata kona haraka kama aliyekumbuka kitu dukani. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena ya kiwango cha juu kabisa, na wanaoijua huibeba hata wakiishi kwenye vyumba vya mabati vya kupanga Nairobi.

Ndiyo maana Alhamisi ile asubuhi, Billy alipompigia simu na kumwambia kwamba leo ataenda na wageni mpaka Kawangware, alisimama katikati ya chumba akitafuta udhuru.

Billy alikuwa na kampuni ndogo ya kutembeza wageni kutoka nje. Kwa kawaida Khamala aliongoza Kibera, asubuhi, kisha mwenzake Ndululu aliwapokea wageni na kuwapeleka Gatina, Kawangware, kuona kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu. Mpango huo aliuomba Khamala mwenyewe, kwa sababu Mama Jael alikuwa mwanachama wa kikundi hicho. Lakini Ndululu alikuwa amefiwa na shangazi yake, yuko Makueni.

"Billy, si unajua mambo yangu na huko?"

"Najua, bro. Lakini wageni ni sita na wamelipia siku mzima, na mimi niko airport napokea wengine. Wewe simama tu kwa gate. Wamama watafanya yao."

Khamala alikata simu akakaa kitandani. Si ukwe tu uliomtia hofu. Jumamosi, yaani siku mbili tu mbele, alikuwa anatarajiwa kwa Mama Jael pamoja na mjomba wake Mukhwana, kwenda kumwomba mkewe arudi nyumbani. Jael alikuwa ameondoka nyumbani kwao Sarang'ombe, Kibera, miezi minne iliyopita, yeye na binti yao Mitchelle, akaenda kukaa kwa mama yake. Na kosa lilikuwa la Khamala peke yake. Halikuwa na pa kusukumiwa.

Katika ziara za Kibera kulikuwa na kituo kilichoitwa chai ya nyumbani. Wageni walikaribishwa nyumba ya mtu, wakanywa chai, wakauliza maswali. Khamala aliwapeleka kwake mwenyewe, saa ambazo Jael alikuwa Soko la Toi akiuza mitumba. Siku moja mgeni aliuliza wana watoto wangapi. Akajibu mmoja. Halafu, shetani gani alimpitia hajui, akaongeza kwamba walikuwa wawili. Akawasimulia habari za Derrick, aliyekufa kwa nimonia akiwa na miezi kumi na moja. Wageni walilia. Khamala naye alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, hilo asinyimwe. Lakini wiki iliyofuata alisimulia tena, na iliyofuata tena, na kila mara hadithi ilinenepa. Mvua ikazidi. Njia ya kwenda hospitali ikawa ndefu. Kofia ya sufu ya mtoto ikatolewa msumarini na kupitishwa mkono kwa mkono. Alishajua mahali pa kunyamaza ili watu wavute pumzi, na bahasha za shukrani zilizidi kunona.

Siku moja Jael alirudi mapema, kichwa kinamuuma. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alimnyang'anya mgeni ile kofia kwa upole, akawaomba radhi kwa kuwakatiza, akangoja watoke.

"Unamuuza," alimwambia mumewe. Basi. Akafunga mizigo.

Tangu siku hiyo Khamala hakumpeleka mgeni yeyote nyumbani kwake, wala jina la Derrick halikumtoka mdomoni. Lakini nani angejua? Mtu akishakushika kwenye jambo kama hilo, kunyamaza kwako hakumfikii. Mjomba Mukhwana ndiye aliyehangaika kupiga simu huku na huku, mpaka Mama Jael akakubali kwamba waje Jumamosi, waseme yao, kisha ionekane. Na kila mtu alijua kwamba neno la mwisho lingekuwa la Mama Jael.

Wageni walitoka Uholanzi. Aliyewatangulia kwa kila kitu alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Annelies, muuguzi mstaafu, mwenye roho safi na mikono isiyojua kutulia. Asubuhi walinywa kahawa kwa Bi Fatna, Mnubi aliyezaliwa Kibera kama baba yake. Kahawa ilipokwisha, Annelies akakusanya vikombe, akapandisha mikono ya shati, akaanza kuviosha kwenye beseni. Bi Fatna alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Mgeni anaosha vyombo vyangu? Kwani ameona nyumba hii haina mtu?"

Annelies naye alishangaa mbona mwenyeji amenuna ilhali yeye anasaidia. Khamala akaingia katikati. Akamweleza huyu kwamba kwao mgeni akisaidia kazi ndiyo shukrani yenyewe, akamweleza yule kwamba hapa mgeni akishika beseni siku ya kwanza ni kama amesema nyumba ni chafu. Dakika mbili baadaye wote wawili walikuwa wanacheka na kushikana mabega. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwaeleza watu watu wengine, na ulimi wa kazi hiyo alikuwa nao. Wakati mwingine ulizidi.

Kabla ya kuondoka Kibera alimpigia Wangoi, mwenyekiti wa kikundi cha vikapu.

"Mama Wangoi, leo ni mimi nakuja na wageni. Tafadhali mwambie yule mama."

Hakuhitaji kusema mama gani. Wangoi ni Mkikuyu, lakini ameishi na Waluhya ukuta kwa ukuta miaka ishirini, anaelewa.

"Nitamwambia. Usijali."

Na kweli alimwambia. Mama Jael akasema hataki shida, yeye ataondoka kabla hawajafika, apitie uchochoro wa nyuma aende zake nyumbani. Khamala naye, hana habari, alifika Gatina akakuta lori la mchanga limeziba barabara. Dereva akasema washukie hapo hapo, wakate kwa uchochoro wa nyuma.

Basi wakakutana. Uchochoro ulikuwa wa upana wa watu wawili, ukuta wa mawe upande mmoja na mtaro wa maji machafu upande mwingine. Mama Jael alitokea kwenye kona na mzigo wa katani kichwani, hatua kumi mbele. Akamwona mkwe wake. Akafanya anachotakiwa kufanya: akageuka upesi ajifiche kwenye upenyo kati ya nyumba mbili. Mguu ukakanyaga ubao uliowekwa juu ya mtaro, ubao ukapinduka, akaenda chini na mzigo wake. Kipande cha bati kilichokuwa kinachungulia kwenye ukingo wa mtaro kikampasua shavu la mguu. Gauni na leso vilipanda mpaka juu.

Khamala akageukia ukuta.

Hakufikiri. Mwili ulifanya kabla ya akili. Mama mkwe wako yuko chini na nguo hazimsitiri, unayaondoa macho yako hapo, hata kama unayaondoa yakilia. Aliweka paji la uso kwenye jiwe akaita kwa nguvu zake zote.

"Akina mama! Akina mama wa vikapu! Kuna mtu ameanguka, njooni haraka!"

Nyuma yake alisikia wageni wakipiga ukemi, kisha viatu vya Annelies vikimpita mbio.

"Khamala! Unafanya nini? Msaidie!"

Hakugeuka. Mgeni mmoja wa kiume alimshika bega akamtikisa, akamwita jina ambalo si la kurudiwa hapa. Walichokiona wao kilikuwa wazi kabisa: mwanamume mwenye afya zake amempa mgongo mwanamke mzee anayevuja damu, ameegemea ukuta, anapiga kelele watu wengine waje. Ukitazama kwa macho yao huwezi kuwalaumu.

Wangoi alifika akihema, na wanawake wawili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumfunika Mama Jael kwa leso yake mwenyewe. Cha pili, kuona damu na kupiga nduru. Annelies alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amekaza kiganja juu ya jeraha, damu inampita kati ya vidole.

"Mshipa umekatika," alisema. "Mtu atafute gari! Wewe, nenda!" Mmoja wa wale wanawake akatoka mbio. "Nataka mikono yenye nguvu, nipate kufunga juu ya jeraha. Mikono yangu ina ugonjwa wa viungo, inachoka. Khamala!"

Khamala hakusogea. Annelies hakuwa mtu wa kungoja. Alinyoosha mkono mmoja, akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta chini kwa nguvu ambazo hakumdhania kuwa nazo, na kabla hajasema hapana, viganja vyake vyote viwili vilikuwa juu ya mguu wa Mama Jael.

"Bonyeza hapa. Ukiachilia, atakufa. Umenielewa? Atakufa."

Alielewa. Ilikuwa moto, ile damu. Alifumba macho, akageuza shingo mpaka ikauma, akabonyeza.

Hapo ndipo Mama Jael alipoanza kulia. Alikuwa ameanguka bila kulia na kupasuliwa mguu bila kulia. Sasa alilia kama mtoto, mkono umefunika uso.

"Mwambieni aniachilie," aliwaambia wanawake. Hata wakati ule hakusema naye moja kwa moja. "Mwambieni atoke. Afadhali damu iishe."

Khamala, aliye umbali wa mkono mmoja, naye akamwambia Wangoi.

"Mwambie siwezi. Mwambie nikiachilia atatuacha. Mwambie sioni kitu, macho nimefunga."

"Anasema macho amefunga, Mama Jael," Wangoi alisema. "Tuko hapa. Umefunikwa."

"Nitamwangalia nani tena mimi? Nitakaa wapi?"

Annelies, ukanda aliourarua kwenye shati lake ukiwa mkononi anaukaza juu ya goti la mgonjwa, alimpapasa mzee nywele. "Pole, pole," alisema kwa Kiswahili alichofundishwa asubuhi. Kisha kwa Kiingereza: "Najua inauma. Watakupa dawa ya maumivu sasa hivi." Mama Jael alizidi kulia, naye alizidi kumpapasa.

Ilichukua dakika ishirini. Wangoi alitaka kumpokea Khamala, Annelies akakataa: mikono ikibadilishana, damu inatoka upya. Kwa dakika ishirini Khamala alishika mguu wa mama mkwe wake mchana kweupe, mbele ya mtaa. Aliona aibu mpaka akatamani ubao ule ungempindua yeye. Na aliogopa. Aliogopa kwamba mama huyu atamfia mikononi, na aliogopa vile vile, Mungu amsamehe, kwamba hata asipokufa Jumamosi imeshaharibika. Kila pigo la damu chini ya viganja vyake alilihesabu kama hatua moja ya Jael kwenda mbali naye.

Katikati ya hayo alisikia mlio mdogo wa simu inayopiga picha.

Pikapu ya muuza mboga ndiyo iliyowapeleka zahanati. Daktari alishona, akasema mguu utapona, akamsifu aliyefunga ule ukanda. Wageni walisubiri nje, kwenye benchi la saruji, na Wangoi mlangoni. Annelies alinawa mikono kwenye bomba akaja kusimama mbele ya Khamala, ambaye damu ilikuwa imemkaukia mpaka viwikoni.

"Mwishoni ulifanya vizuri," alisema. "Lakini nataka kujua. Mwanzoni ulimpa mgongo. Kwa nini?"

Wageni wengine wakainua vichwa. Walitaka kujua pia, na hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanaomba tu wapewe sababu ya kumpenda tena. Khamala alikuwa nayo. Maneno yalimjia yenyewe, yamejipanga kama kawaida: yule ni mama wa mke wangu. Kwetu, mwanamume... Alijua wangeshika midomo. Alijua ni wapi angenyamaza ili wavute pumzi. Annelies angelia, angeomba kuingia ndani kumkumbatia mzee, na hadithi ingepanda ndege kwenda Uholanzi, ikasimuliwe kwenye meza za chakula na mama mkwe wake ndani yake, mguu wazi.

"Sina la kusema," alijibu. "Ila kuna picha ilipigwa. Naomba ifutwe."

"Ndiyo maana?" alisema yule mgeni wa kiume. "Unaogopa watu watakuona?"

"Naomba ifutwe."

Alisimama pale pale mkono umenyooshwa, wala hakupandisha sauti, mpaka yule bwana alipoitoa simu kwa hasira akaifuta mbele yake. Halafu Khamala akawaitia dereva. Walipanda gari bila kumuaga. Annelies ndiye aliyegeuka mara moja, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Saa moja haikupita, Billy akapiga.

"Buda, hawa watu wameniandikia kitu kirefu sana. Wanasema uliacha mzee afe. Ni mathe wa Jael, ama?"

Khamala alitazama damu iliyomkaukia viwikoni.

"Basi si uwaambie tu? Niache mimi niwaambie. Wazungu hupenda mambo ya mila, hii kitu inaisha leo leo. Saa hii wanataka pesa yao irudishwe, na wanataka wewe usiwahi tembeza mtu tena."

"Usiwaambie, Billy."

"Khamala, ni kazi yako hiyo!"

"Nimesikia. Usiwaambie."

Billy alivuta pumzi ndefu. "Basi usikuje kesho," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Alikuwa amechoka tu.

Jael alifika kutoka Toi saa kumi na moja kasorobo, bado amejifunga mkoba wa sokoni kiunoni. Alimwona mumewe chini ya ukuta wa zahanati, akaiona mikono yake, akapita bila neno. Khamala hakumwita. Alikuwa amewaza maneno ya kumwambia tangu Machi, na sasa hakulipata hata moja lenye faida. Alisikia mlango ukifungwa. Alisikia mama na binti wakilia pamoja, kisha wakinong'ona.

Jael alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Alisimama hatua chache kutoka kwake, kama anavyosimama mtu aliyetumwa.

"Mama ameniambia yote."

"Mama Mitchelle, nilivutwa. Mimi sikutaka kumshika. Nilikuwa nimegeukia ukuta..."

"Ngoja. Sijakuuliza hiyo. Mama anauliza kitu kimoja. Wale wazungu wanajua yeye ni nani kwako?"

Khamala alimtazama. "Hapana."

"Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Hata walipokuuliza? Wangoi alisikia wakikuuliza."

"Waliuliza. Nikasema sina la kusema. Picha ilikuwepo, nimeifutisha. Billy ameniachisha kazi." Alilitaja la mwisho bila kutaka huruma, kama mtu anayemaliza orodha. "Mama Mitchelle, hakuna anayejua kitu."

Jael aliuma mdomo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne alimtazama machoni, akakaa akimtazama, kana kwamba anamtafuta mtu aliyewahi kumfahamu. Kisha akarudi ndani. Mlango aliuacha wazi kidogo. Sauti ya Mama Jael ilisikika, nyonge lakini imenyooka, ikisema kwa Kibukusu maneno marefu ambayo Khamala, kwa adabu, aliziba masikio asiyasikie.

Jael alitoka tena.

"Amesema Jumamosi mje, wewe na mzee Mukhwana. Yeye mwenyewe atalala kwa jirani, mlango wazi, asikie kila neno."

"Na hili la leo? Nimemshika, Jael. Nitamwambia nini mbele ya mzee? Nitaanza wapi kuomba msamaha?"

"Hilo usilitaje. Anasema hilo ameshalimaliza na Mungu wake, na wazee wa nyumbani watamtakasa inavyofaa akienda Desemba." Jael alisogea hatua moja karibu. "Anasema uombe lile lingine. Umwombe Derrick msamaha. Kwa jina lake, mbele yangu, bila kuongeza kitu."

Khamala aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, mikono yenye damu ya nyumba ile imening'inia pembeni asijue aiweke wapi.

"Kanawe," Jael alimwambia. "Bomba liko kule nyuma."